Mwalimu Aliyeita Majina: Kumbukumbu ya Nyanya Yangu wa Lusangi

Katika kila misioni wapo watu ambao majina yao hayakuchorwa juu ya jiwe lolote, na hata hivyo bila wao majengo yetu yangalikuwa kuta tupu. Leo nataka kuwasimulia habari za mmoja wao. Alikuwa nyanya yangu, mzaa mama. Kwa muda wa miaka arobaini na zaidi alifundisha darasa la kwanza huku kwetu Lusangi, katika Maniema ya kusini, nchi ya Kasongo na Kabambare. Watu wote, wakubwa kwa wadogo, walimwita Mama Mwalimu. Jina lake la ubatizo sitaliandika hapa, maana yeye mwenyewe hakupenda kutajwa magazetini. Alisema kwamba jina lake Mungu analijua, na ya kuandikwa ni majina ya watoto.

Sitamsifu kupita kiasi, kwani angalinikemea. Alikuwa mkali. Hakupenda kushindwa katika mabishano, na mtu aliyechelewa alimsikia tangu mlangoni. Lakini nina deni kwake, na deni hilo ndilo linalonifanya nishike kalamu.

KUMSINDIKIZA MDOGO WAKE

Alizaliwa muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Pili, katika siku za pamba ya lazima. Siku zile mkulima alipimiwa shamba lake la pamba, apende asipende, na asiyelima alitozwa faini au alifungwa. Kazi ya kuchuma iliwaangukia wanawake na watoto. Nyanya alikuwa na alama ndogo ndogo vidoleni, na alituambia kwamba ni maganda makavu ya pamba yaliyomchoma akiwa mtoto.

Nyumbani mwao aliishi bibi kizee mmoja aliyeziona siku za kale zaidi, wakati Kasongo ilipokuwa mji wa Tippu Tip na wanawe, na misafara ya pembe na ya watumwa ikipita kwenda Ujiji na pwani. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliingia Kasongo mwezi wa Aprili 1893, na utawala ule ukavunjika. Bibi kizee yule alisimulia kwamba katika misafara watu walihesabiwa kwa vichwa kama mizigo. Hapana aliyeuliza mtu huyu anaitwa nani, wala mama yake ni nani. Nyanya hakulisahau neno hilo maisha yake yote. Kiswahili chetu cha Maniema nacho kilikuja kwa njia zile zile za misafara. Wamisionari walipofika walikikuta masokoni na vijijini, wakakifanya lugha ya katekisimu na ya vitabu vya kusomea. Basi lugha iliyofika pamoja na minyororo ikawa ndiyo lugha ambayo mtoto alifundishwa kuandika jina lake mwenyewe.

Baba yake hakuwa na nia ya kumpeleka binti shuleni. Alimpeleka mtoto wake wa kiume, aliyekuwa mdogo sana na mwoga wa kuvuka kijito, akaamuru dada yake amsindikize. Lakini kila dada alipotaka kurudi nyumbani, mvulana alilia mpaka darasa zima likasimama. Mwalimu alichoka, akamwambia msichana aketi karibu na mdogo wake, anyamaze. Akaketi. Baada ya mwaka mmoja mdogo wake aliacha shule, akaona afadhali kutega ndege. Dada mtu akabaki.

Baba alipopata habari alikwenda misioni kwa hasira, akauliza, “Ni nani atakayechuma pamba yangu?” Shauri lilikuwa refu. Mwisho wake walipatana kwamba asubuhi binti atasoma na alasiri atachuma. Ndivyo alivyosoma, kitabu asubuhi na kikapu jioni, mpaka masista walipompeleka kwenye shule ya walimu wa kike, mbali na kwao. Alirudi Lusangi miaka michache kabla ya Uhuru wa 1960, akiwa na cheti, sanduku moja la bati na jozi moja ya viatu. Alipewa darasa la kwanza. Aliolewa na fundi seremala, akazaa watoto sita, akazika wawili. Darasa hilo hakulitoka tena.

KAZI YA DARASA LA KWANZA

Wengine wanadhani kufundisha darasa la kwanza ni kazi ya mwalimu asiyefaa kwingine. Mama Mwalimu alilisikia neno hilo mara nyingi, akacheka. Alisema kwamba wa darasa la sita hupokea mti uliokwisha simama; yeye hupokea mbegu, tena hajui ni mbegu ya nini.

Mimi mwenyewe niliingia mikononi mwake katika miaka ya 1990, naye alikuwa karibu na kustaafu. Alifundisha kuhesabu kwa kokwa za mawese. Kila mtoto alikuwa na kifuko chake chenye kokwa ishirini, na aliyepoteza moja alirudi chini ya mchikichi kuitafuta. Herufi tuliziandika kwanza kwa kidole katika mchanga mkavu, kwa maana mchanga haulaumu: ukikosea unafuta, unaanza tena. Baada ya mchanga tulipewa kibao na kipande cha chaki, na daftari lilikuja mwisho kabisa, kama sherehe.

Mimi nikiwa mjukuu sikupata upendeleo. Nyumbani aliniita “bwana wangu mdogo”, kama nyanya wote wanavyowatania wajukuu wao wa kiume. Lakini tulipovuka kizingiti cha darasa utani uliisha. Siku moja nilimwita “nyanya” mbele ya wenzangu. Aliendelea kuandika ubaoni kana kwamba hakusikia, mpaka niliposema “Mwalimu”.

Kila asubuhi, baada ya sala, aliita majina. Hakuyaita upesi upesi kama mtu anayetimiza amri. Aliita jina, akainua macho, akamtazama mtoto usoni, ndipo akatia alama. Asiyeitika aliulizwa kwa jirani zake: Yuko wapi? Ameumwa? Mama yake amejifungua? Na kama hapana aliyejua, jioni ile ile Mama Mwalimu alichukua fimbo yake ya kutembelea akaenda kuuliza mwenyewe.

Pamoja na daftari la shule alikuwa na madaftari yake mwenyewe. Humo aliandika kila mtoto aliyepita mikononi mwake, jina la baba, jina la mama na kijiji. Pembeni aliacha nafasi, na miaka ilivyopita alijaza yale yaliyompata: “ameolewa Kasongo”, “fundi cherehani”, “mseminari”, “yuko Kindu”, “amekufa kwa surua, Mungu ampokee”.

BABA ALIYEKATAA MARA MBILI

Nitasimulia jambo moja nililosimuliwa na mwenye kuhusika. Katika miaka ya 1960, baada ya maasi, msichana mmoja hodari wa darasa la tano hakurudi baada ya likizo. Baba yake alikuwa amekwisha pokea mbuzi za posa. Mama Mwalimu alikwenda mara ya kwanza. Akapewa kiti, akapewa maji, akajibiwa kwamba mambo ya ukoo hayaamuliwi na shule. Alikwenda mara ya pili, hakupewa kiti.

Mara ya tatu alimkuta baba yule akitengeneza nyavu, akaketi chini penye vumbi, akaanza kumsaidia kufundua nyuzi bila kusema neno. Baada ya muda baba akauliza, “Mwalimu, msichana atafanya nini na vitabu?” Ndipo Mama Mwalimu akamwambia habari za Sophie Kanza, aliyepata shahada katika Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa Kongo, na ambaye mwaka 1966 aliingizwa katika serikali kuwa waziri. Akaongeza, “Binti yako huenda asiwe waziri. Lakini wewe ukipokea barua, nani atakayekusomea bila kukuficha neno?”

Baba alicheka. Posa haikuvunjwa, ila ilisubiri miaka mitatu. Msichana yule alimaliza masomo, akaolewa, akawa mkunga. Ndiye aliyenipokea mimi nilipozaliwa.

MAJINA KATIKA CHUNGU

Mwezi wa Julai 1964 maasi ya Simba yalifika Kindu, na Maniema yote ikatikisika. Jeshi liliurudisha mji wa Kindu mwezi wa Novemba, lakini upande wa mashariki, katika milima ya Fizi inayopakana na Kabambare, vita viliendelea muda mrefu. Katika siku hizo hizo Kanisa la Kongo lilipata mashahidi wake. Tarehe 28 Novemba, huko Baraka na Fizi, waliuawa wamisionari watatu Waitalia pamoja na Padri Albert Joubert, mzaliwa wa nchi yetu. Siku tatu baadaye, tarehe 1 Desemba, Sista Anuarite aliuawa Isiro. Anuarite alitangazwa Mwenye Heri mwaka 1985. Wale wanne walitangazwa huko Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Nyanya hakuishi hata kuiona siku hiyo ya Uvira, lakini majina yao alikuwa ameyataja katika rozari yake ya jioni tangu mimi mtoto.

Watu wa kwetu walikimbilia porini. Mtu aliyekutwa na karatasi zenye maandishi aliweza kudhaniwa mpelelezi, na aliyejua kusoma alikuwa hatarini. Mama Mwalimu alitia madaftari yake katika chungu, akajaza mpunga juu yake, akakibeba kichwani. Porini walikaa miezi mingi, wakila mizizi na majani yasiyo na chumvi. Wanawake wenzake walishangaa kumwona kila asubuhi akiwakusanya watoto wachache chini ya mti na kuwaandikisha majivuni kwa kijiti. Mmoja alimwuliza, “Mama, sisi tunatafuta chakula, wewe unatafuta nini?” Akajibu, “Natafuta wasiokuwapo.” Walipotoka porini, kazi yake ya kwanza ilikuwa kupita kijiji kwa kijiji na daftari mkononi, akiuliza habari za kila mtoto. Ukurasa wa mwaka ule una misalaba midogo kumi na saba.

Yakaja mambo mengine. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliamuru raia waache majina ya Kikristu na kuchukua majina ya mababu. Mama Mwalimu alitii, akaandika majina mapya, lakini hakuyafuta yale ya kwanza. Aliyaweka mstari mmoja, jina la babu na jina la ubatizo, akasema kwamba mtoto ni mmoja na Mungu hachanganyikiwi. Mwisho wa 1974 serikali ilizitwaa shule za makanisa na kuliondoa somo la dini. Kwa mapatano ya Februari 1977 zikarudishwa katika uongozi wa makanisa. Katika mabadiliko yote hayo wakubwa walibadilika na mihuri ilibadilika. Asubuhi katika darasa la kwanza majina yaliitwa vile vile.

KOSA LANGU

Sasa nafika mahali ninapoona haya. Nilipomaliza masomo ya seminari na kuona kwamba wito wangu haukuwa wa upadri, nilirudi kuwa mwalimu. Nilirudi na Kifaransa kingi na unyenyekevu kidogo. Nyanya alikuwa amekwisha staafu, lakini alikuja siku moja kutazama darasa langu. Watoto wangu waliimba sentensi za Kifaransa bila kosa. Nikamtazama kwa fahari. Yeye akamwita mtoto mmoja, akamwonyesha picha ya mbwa aliyelala mbele ya nyumba, akamwambia aonyeshe yule mbwa aliyetajwa katika sentensi. Mtoto aliweka kidole juu ya nyumba.

Mbele ya walimu wenzangu nilimjibu kwamba njia zake zilikuwa za zamani. Hakukasirika. Jioni aliniambia, “Bwana wangu mdogo, mtoto anafika mlangoni hana kitu ila ulimi wa mama yake. Ukimwamuru auache nje, ataingia na nini?” Ilinichukua mwaka mzima kukubali kwamba alisema kweli: kwanza Kiswahili, ili ajue kusoma ni nini, kisha Kifaransa, nacho kitaingia upesi. Katiba ya nchi yetu ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa moja ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya 2014 inaruhusu lugha hizo kutumika katika kufundishia. Mama Mwalimu hakuwa amengoja sheria.

Lakini kosa kubwa ni jingine. Tangu miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokoma kufika, wazazi walitakiwa kuwachangia walimu. Katika shule moja nilipofundisha, kila mwezi tuliwarudisha nyumbani watoto ambao wazazi wao hawakulipa. Mimi pia nilifanya hivyo. Siku moja niliwatoa kumi na mmoja. Kumi walirudi baada ya siku chache, mmoja hakurudi. Nilimsimulia Nyanya jambo hilo kama mtu anayesimulia habari za mvua. Akauliza, “Jina lake nani?”

Nilinyamaza. Nilijua kwamba alikaa mstari wa nyuma, na kwamba alikuwa na kovu katika paji la uso. Jina sikulikumbuka.

Nyanya hakunigombeza, na ingalikuwa afadhali angalinigombeza. Aliomba fimbo yake. Alikuwa na zaidi ya miaka sabini na magoti yake yalikuwa mabovu, nami nikamfuata nyuma kama mwanafunzi. Tuliuliza nyumba kwa nyumba mpaka tukampata mama wa mtoto. Alikuwa mjane. Alituambia kwamba mwanawe amekwenda na wakubwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Namoya, kuosha mchanga. Nyanya alimwuliza majina yote ya mtoto, la ukoo na la ubatizo, akanipa daftari lake la mwisho, akasema, “Andika.” Nikaandika kwa mkono wangu. Pembeni niliandika “Namoya”. Nimekwenda kule mara mbili kumtafuta, sikumpata. Mahali pale pembeni pana nafasi ya neno jingine bado.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutekeleza elimu ya msingi bila malipo. Madarasa yalijaa hata watoto wakaketi chini, na shida za walimu hazikwisha. Lakini mlango ulifunguka. Nyanya alipata habari hiyo akiwa kitandani. Alitaka kujua jambo moja tu: je, mtoto wa Namoya naye atapewa nafasi, kama akirudi akiwa mkubwa?

JIONI YA MATANGA

Alifariki mwaka wa pili baada ya hapo, usiku, akiwa amekwisha pokea sakramenti. Tulimzika kando ya mumewe. Watu walikuja kwa miguu, kwa baiskeli na kwa pikipiki, kutoka Kasongo, kutoka Kabambare, na wengine kutoka Kindu kwa siku kadhaa za njia mbaya. Jioni ya matanga mjomba wangu alitoa madaftari, akaanza kusoma majina ya mwaka wa kwanza. Hatukuwa tumepanga jambo lolote. Aliposoma jina la tano, mzee mmoja mwenye mvi, aliyekuwa ameketi karibu na moto, alisema kwa sauti ndogo, “Nipo, Mwalimu.”

Basi tuliendelea hivyo hadi usiku wa manane. Wengine waliitika. Pengine mtoto aliitika kwa niaba ya marehemu baba yake. Na pengine tulisikia moto tu. Hatukuyamaliza. Nilipopokezwa daftari la mwisho nilisoma jina lile nililoliandika mimi, nikangoja kidogo kabla ya kugeuza ukurasa.

Wasomaji wapenzi, sikuandika haya ili tulie. Mama Mwalimu hakuwa na mali ya kurithisha: aliacha sanduku lile la bati, rozari, na madaftari saba. Lakini ametuachia kazi ambayo kila mmoja anaiweza. Mwalimu mwenzangu, kesho asubuhi ukiita majina, usiteremke upesi mpaka mwisho wa ukurasa, inua macho. Mzazi, ukiona mtoto wa jirani anashinda nyumbani siku ya shule, uliza. Nanyi wanafunzi, mnajua kuliko sisi wote ni nani hakuja leo, na kwa nini. Mwendeeni.

Katika msafara wa kale watu walihesabiwa tu. Nyanya yangu aliwaita. Mwenyezi Mungu, aliye Mchungaji Mwema, amwite naye kwa jina lake, na amjalie kuwakuta huko wale aliowatafuta hapa asiwaone.